Alama Chini ya Sahani

Maradhi yangu ya vyombo vya Kifaransa yalianza kwa glasi ya maji. Nyumbani kwetu zilikuwapo glasi fupi, nene, zisizovunjika hata ukiziangusha sakafuni, na chini ya kila moja pana nambari na maandishi madogo ya Kifaransa. Sisi watoto tukimaliza kunywa tunazipindua kuona nani kapata nambari gani, na mwenye kubwa ndiye mkubwa wetu kwa siku ile, anatuma wenziwe. Mie ni kitinda mimba, siku nyingine zote hakuna aliyenisikiliza, basi glasi zile nilizipenda kuliko wenzangu. Tangu hapo nna tabia ya kupindua vyombo. Nikipewa kikombe cha kahawa kwa watu, hata sijanywa, nshakiinua juu kutazama kitako chake. Mama alikuwa akinifinya paja. Alisema siku moja kahawa itanimwagikia usoni na yeye hatonipangusa.

Naandika haya kwa sababu watu wa nyumbani wananiuliza kwa nini kabati langu la vioo linakaa limefungwa ufunguo na mie mwenyewe silitazami. Wanadhani ni maringo. Hawajui kuwa mle ndani mna kosa langu, limepangwa vizuri, safi kabisa.

Miaka ya tisini ilipoanza nilikuwa karani wa wizara, nimeachika, nakaa na mama Al-Khuwair, hapa Maskati, sina mtoto wa kunililia. Alhamisi wenzangu wanakwenda pwani ya Qurum na waume zao, mie nakwenda kwenye nyumba za wazungu wanaohama. Mkataba wao ukimalizika walikuwa wakibandika kikaratasi kwenye ubao wa supamaketi, wanatoa vitu vyao vyote barazani, na mtu yeyote anaingia. Ijumaa baada ya sala nakwenda soko la Wadi Kabir, kule wanakouza magari makuukuu na kila kilichobaki cha kila nyumba iliyovunjwa. Jumamosi nakwenda kazini na mikono inanuka vumbi.

Raha yake, mtu asiyekuwa nayo humwelezi akaelewa. Umesimama mbele ya meza ya takataka: pasi mbovu, kiatu cha mtoto cha mguu mmoja, vifuniko visivyo na sufuria, na katikati yake jicho linaona kitu cheupe ambacho weupe wake si wa hapa. Vidole vinapoa. Moyo unakwenda mbio kama umeiba. Lakini usionyeshe, ukionyesha umekwisha, muuzaji atakukaba roho. Kwa hiyo unauliza bei ya ndoo. Unauliza habari za feni. Halafu, kama mtu aliyechoka na anataka kwenda zake, unakiokota kile kitu, unakipindua, na pale chini pana muhuri wa Kifaransa uliofifia, uliotiwa na mtu aliyekufa zamani katika nchi ambayo mie mpaka leo sijaikanyaga. Wallahi siku hizo nilikuwa nikirudi nyumbani naimba ndani ya gari.

Nilipata birika la kahawa la bati la buluu, mdomo wake umechubuka. Nilipata vitambaa vya meza vya kitani vilivyotariziwa herufi mbili za bibi harusi nisiyemjua, na sufuria ya shaba nzito hata mama hakuweza kuinyanyua kwa mkono mmoja. Nilipata chupa tupu ya manukato, na ukiivuta kizibo kulikuwa bado na harufu kwa mbali, sana kwa mbali. Hiyo nilikuwa nikiifungua mara moja tu kwa mwaka nisije nikaimaliza.

Aliyenitia wazimu zaidi ni mke wa mhandisi mmoja wa Kifaransa. Siku ya kuuza vitu vyake aliniona napindua vyombo barazani kwake, akacheka, akaniita jikoni anionyeshe vile asivyoviuza. Kwa Kiingereza chetu cha kuungaunga alinifundisha kuwa muhuri ndio cheti cha kuzaliwa cha chombo. Lazima usomeke, usiwe na gundi wala karatasi ya bei wala uchafu wa jikoni, na chombo ambacho muhuri wake umefunikwa ni yatima. Neno hilo nikalishika. Nikaweka jikoni chupa ya dawa ya kutolea rangi ya kucha, pamba na wembe, na kila nilichokinunua kilisafishwa chini kabla ya kuoshwa juu.

Mama hakuwa na haja na mambo yangu. Alisema nyumba itajaa vyombo vya maiti wa Kizungu na sisi wazima tutahamia uani. Lakini palikuwa na vyombo vya Kifaransa ambavyo hakuvifanyia mzaha, navyo ni sahani zake.

Sahani kumi na mbili, zenye kina kidogo, nyeupe kama maziwa, ukingoni mawaridi na mstari mwembamba wa dhahabu. Alipewa na mama yake siku ya harusi, Unguja. Tulipoondoka baada ya mapinduzi tuliondoka vile watu walivyoondoka, na sahani akamwachia dada yake mkubwa, ambaye mumewe hakutaka kuhama. Mwanzoni mwa miaka ya sabini, tulipopata pa kukaa Maskati, mama akaandika barua aletewe sahani zake. Mama mkubwa akajibu kuwa keshazituma, ndani ya sanduku, kwa familia moja inayosafiri kwa meli. Mama alikwenda bandarini Mutrah siku tatu mfululizo. Familia ilishuka, sanduku halikushuka, na wenyewe wakasema hawakupewa sanduku lolote.

Halafu akaja mgeni kutoka Unguja, mtu wa kupenda maneno, akasema amekula pilau harusini kwa mama mkubwa katika sahani za mawaridi, na lilikuwa pilau zuri. Hapo mama akafunga moyo. Aliandika barua moja ya mwisho, na hakuandika tena. Naomba hapa mtu asimwelewe vibaya mama yangu. Hakukasirika kwa sababu ya sahani. Miaka ile Unguja watu walitoa vitanda vyao wapate unga, na yeye alijua hivyo. Alichokasirikia ni uongo. Alikuwa akisema dada yake angemwambia, nlikuwa na njaa nkaziuza, wangelia pamoja na yakaisha. Lakini kamwambia kazituma.

Zaidi ya miaka ishirini hawakusemezana. Mama mkubwa alifiwa na mumewe, mama akapata habari kwa watu wa mtaani. Mama akaoza watoto watatu, dada yake hakupelekewa hata salamu. Na jambo hili lilimzeesha mama vibaya kuliko sukari iliyokuwa ikimla macho. Kila Idi, akishapokea wageni wote na nyumba ikanyamaza, huketi peke yake kwenye mkeka na kusema, wala hamwambii mtu, kwamba yeye hana dada. Sisi tunajifanya hatukusikia. Mie nilijua, na ndugu zangu walijua, kwamba akifa na maneno hayo kinywani itakuwa vibaya kwake na kwetu.

Basi ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa tisini na saba. Nimo sokoni Wadi Kabir, kinywa kikavu, kichwa kinagonga, nikaona boksi la sabuni limejaa vitu vilivyofungwa magazeti. Nikafungua kimoja. Nyeupe, kina kidogo, mawaridi, mstari wa dhahabu.

Siku hiyo sikuuliza bei ya ndoo. Nilichutama pale pale chini, nikafungua nyingine na nyingine, zikawa saba. Muuzaji, bwana mmoja mnene asiyeinuka kitini, alisema boksi limetoka nyumba ya zamani Mutrah, juu ya bandari. Bibi mwenye nyumba kafa, watoto wake wametoa kila kitu wapate kuiuza. Nikazipindua. Muhuri wa Kifaransa ulikuwapo, wa kijani, lakini nusu umefunikwa na rangi nyekundu ya mafuta iliyokauka ikawa ngumu kama gamba.

Nataka niseme kweli: rangi ile niliiona. Niliiona nikachukia. Nikasema moyoni, hawa watu hawana adabu na vyombo.

Na hapa lazima nieleze, maana ndipo ulipo ujinga wangu. Kwetu sisi vyombo havikai nyumbani. Kukiwa na harusi au msiba, nyumba kumi zinaazimana: sinia, sufuria, sahani, vikombe, vyote vinachanganyika uani, na jioni kila mtu arudishiwe chake. Kwa hiyo kila nyumba ina alama yake chini ya chombo. Huyu mkato, huyu nukta, huyu herufi. Zamani walipaka rangi ya mlango, siku hizi rangi ya kucha. Mie mwenyewe ndiye niliyekuwa nikipaka alama za nyumba yetu Al-Khuwair, mkato mmoja wa waridi, na kichupa chake kilikaa jikoni, ubavuni mwa ile dawa ya kuitolea. Ungenipa sufuria yoyote yenye rangi chini, ningekwambia hii ina mwenyewe. Lakini ile ilikuwa sahani ya Kifaransa. Akili yangu ilishahama. Nilichokiona ni muhuri uliochafuliwa.

Nilizisafisha baina ya alasiri na magharibi, nimesimama mbele ya sinki na saumu yangu, wembe mkononi. Rangi ile ilikuwa kaidi. Nilitia dawa, nikangoja, nikakwangua, nikatia tena, na maji ya sinki yakawa mekundu. Sahani saba. Muhuri ukatoka mmoja mmoja, safi, unasomeka hata bila miwani. Nilifurahi. Hilo ndilo nisilolisahau. Nilifurahi hata futari sikuikumbuka mpaka mama akaniita.

Sikumwambia kitu. Nilitaka iwe ya Idi. Sikudhani kuwa ndizo zenyewe, nataka hilo lijulikane. Nilidhani ni jamaa zake, za mawaridi yale yale, na nikasema atapata kitu cha kumtuliza. Siku ya Idi wageni walipokwisha, nikamtilia tambi katika sahani moja, nikampelekea kwenye mkeka wake.

Macho yake wakati ule yalikuwa yanaona vivuli tu. Alikula kijiko kimoja. Cha pili kilisimama njiani. Akapitisha kidole ukingoni mwa sahani, akazunguka nacho chote, polepole, halafu akazimimina zile tambi kwenye sinia na kuipindua sahani mapajani mwake. Kidole gumba kikatafuta chini. Kikatafuta tena.

"Alama iko wapi?"

Nikamuuliza alama gani, na huku nshaelewa.

Akasema mama yake, kabla ya kumkabidhi sahani zile, alitia alama kwa rangi ya mlango, nukta nyekundu, kila sahani. Kila chombo kilichotoka nyumbani kwao kilikuwa na alama hiyo hiyo. Akaniuliza sahani hizi nimezipata wapi. Nikamwambia, Mutrah, nyumba juu ya bandari, bibi aliyekufa. Mimi na yeye tulielewa kwa wakati mmoja: ikiwa ndizo, basi zilivuka bahari. Sanduku lilitumwa. Kuna mtu alilizuia bandarini, miaka yote ile watu walikuwa wakila ndani ya sahani zake nusu saa kutoka kwake, na dada yake hakusema uongo.

"Zilikuwa na rangi ulipozinunua?"

Nikasema zilikuwa nayo, nyekundu, na nimeitoa.

Akauliza neno moja.

"Ngapi?"

Nukta ngapi, alikusudia. Nilikaa pale na kuzitafuta kichwani. Niliona wekundu. Niliona sinki, niliona wembe, niliona muhuri wa kijani unatoka. Nukta sikuziona. Moja kubwa? Mbili? Tatu zilizoshikana? Nilikuwa nimezitazama sahani saba, kila moja nimeikalia robo saa, na sikuwa nimeangalia. Nikamwomba aniambie zao zilikuwa ngapi, huenda nikakumbuka. Akakataa.

"Nkikutajia utasema ndizo hizo."

"Basi sikumbuki, mama."

Na katika aibu yote ile, nilijiona mtu mwema kidogo kwa kutosema uongo. Nilidhani ananijaribu. Mama akaiweka sahani chini. Akasema basi si zake. Sahani za mawaridi Unguja zilikuwa nyumba kwa nyumba, na rangi nyekundu kila mtu alipaka. Akaniomba tambi zake katika sahani nyingine. Jioni ile hakusema kuwa hana dada, na kunyamaza kwake kulinitisha zaidi.

Nilihangaika, msidhani sikuhangaika. Nilirudi kwa yule muuzaji mnene. Hakuwa na zaidi ya aliyokwisha kuniambia. Nilipanda vichochoro vya Mutrah mpaka nikaipata nyumba yenyewe, mlango umetiwa mnyororo, kwenye dirisha pana paka. Jirani alisema watoto wa marehemu wanakaa Abu Dhabi, na wazee wao walikuja kutoka Unguja, au pengine Mombasa, hana hakika. Nikiwa nimesimama pale niliitazama bandari chini yangu, na hasira zikanipanda hata nikalia. Nimkasirikie nani? Bibi wa watu keshakufa, na wembe nilikuwa nao mimi.

Kisha nikafanya jambo kwa siri. Alipatikana mtu anayekwenda Unguja, nikamtuma kwa mama mkubwa, amuulize tu zile sahani zilikuwa na alama gani. Aliporudi alinipa jibu kama alivyopewa. Mama mkubwa alisema aulizwe mwenye sahani. Yeye keshaapa mara moja, na amechoka kuapa. Nikalimeza. Mama sikumwambia.

Tangu hapo raha ikatoka. Nilikwenda mara mbili tatu kwenye nyumba za wazungu wanaohama, nikaokota kitu, nikakipindua, na vidole havikupoa. Nilikuwa naona muhuri na kufikiria nani alikuwa na kitu hiki, na nini kimeshafutwa. Nikaacha. Sahani saba nikazifungia kabatini, na miaka ikapita. Mama akapofuka kabisa. Akawa anaijua nyumba kwa vidole na pua: samaki alimnusa kabla hajakubali apikwe, na nguo alizijua ni za nani kwa kuzishika tu.

Mwaka elfu mbili na tatu binamu yetu mmoja alirudi kutoka Unguja na habari kuwa mama mkubwa kapooza upande mmoja, yuko kitandani, na hakuna anayetarajia kuwa atainuka. Mama alisikia. Akauliza kama binti wa dada yake yuko naye, akaambiwa yuko naye. Akasema vizuri. Akaomba chai.

Nilivumilia siku mbili. Siku ya tatu nikaitoa sahani moja kabatini, nikachukua kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu nzito, nikakaa jikoni na kumuomba Mungu msamaha kabla ya kutenda dhambi yenyewe. Nukta ngapi? Niliandika tatu. Miaka sita nilikuwa nimejitafuna kichwa, na kwa mbali nilikuwa naona tatu, au nilitaka kuziona. Nikaiacha sahani juani siku nzima, nikaisugua kwa majani ya chai, nikaipaka vumbi. Kisha nikamwendea mama na uongo wangu. Nikamwambia nimepita Wadi Kabir, yule muuzaji alikuwa na sahani moja iliyobaki ya lile boksi, na hii sikuigusa.

Akaipokea. Akapitisha kidole ukingoni, akaipindua. Gumba likafika kwenye rangi likasimama. Likaenda nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu, likarudi. Kisha akaileta sahani usoni akainusa, kama anavyonusa samaki.

"Ndizo," akasema. "Nipigie dada yangu."

Simu aliipokea binti wa mama mkubwa. Nilipojitambulisha akasema mama yake hawezi kusema tena, lakini atamwekea simu sikioni. Mama akaishika ile simu ya mkononi kwa mikono yote miwili, kwenye mdomo badala ya sikio, ikabidi nimweke sawa. Akasema:

"Dada, sahani zangu zimefika. Zimefika salama."

Nilikuwa nimeinama karibu naye, nikasikia kilichokuwa upande wa pili. Pumzi tu, nzito, inayokwaruza. Mama akasema tena maneno yale yale, kwa sauti kubwa zaidi. Akaomba radhi. Akasema jina la utotoni ambalo sikuwahi kulisikia, akalirudia na kulirudia, mpaka binti akaichukua simu na kusema macho ya mama yake yamefunguka, lakini yeye binti hawezi kutuapia kama mgonjwa amesikia. Mama akamwambia ahsante. Alikaa na simu mapajani muda mrefu baada ya kukatika.

Mama mkubwa alifariki kabla wiki haijaisha.

Khitma tuliisoma nyumbani kwetu. Mama aliamrisha sahani zote za mawaridi zitolewe kabatini zitumike, na watu wale ndani yake. Vikaja vyombo vya majirani, vikajaa uani kama kawaida. Walipoondoka watu, mie na mama tukakaa kwenye baraza la nyuma kutenganisha: mie naosha, yeye anapangusa na kupapasa kitako cha kila chombo, hiki cha nani, hiki cha nani, wala hakosei. Zikafika za mawaridi. Sita hazikuwa na kitu chini. Ya saba maji ya moto yalikuwa yamekwisha kuibandua rangi, nukta moja imetoka, ya pili inaning'inia kama ganda la kidonda.

Mama akaikwangua kwa ukucha, taratibu.

"Zilikuwa mbili," akasema. "Wewe umetia tatu. Tena inanuka duka la vipodozi."

Kitambaa kilinianguka mkononi. Nikamuuliza, kama alijua, mbona alikubali. Mbona alipiga simu.

Aliipangusa ile sahani mpaka ikakauka, akaiweka juu ya zile sita, akanyoosha mkono akanitafuta goti.

"Siku ile ya Idi nlikuuliza ngapi," akasema. "Ungetaja hesabu yoyote, mwanangu. Yoyote ile. Ningalikubali."

Nikaendelea kuosha, maana vyombo vya watu vilikuwa bado vingi.